Darasa Lililoketi Chini

Nieleze kwanza jinsi dunia ilivyoingia darasani mwangu, maana haikuwa kwenye ratiba na hakuna mkubwa aliyeiagiza.

Nilikuwa mwalimu katika shule ya wasichana ya watawa, kwenye mteremko wa Kadutu, ile site, yaani mtaa ambako watu weusi wa Bukavu walipangiwa kukaa. Miaka ile mwanamke mweusi mwenye cheti cha ualimu alikuwa kitu cha kugeukiwa njiani. Nilipewa darasa la mwisho la shule ya msingi, wasichana waliokaribia umri wa kuolewa, na kitabu cha jiografia kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Ubelgiji. Wanafunzi wangu waliweza kutaja mito ya Ubelgiji kutoka chanzo hadi baharini bila kukosea. Lakini nilipowauliza mto Ruzizi, unaotoka ziwani hapo chini yetu, unakwenda wapi, walitazamana. Mmoja akasema, "Unaendaka tu, Mwalimu." Unakwenda tu.

Sikucheka. Niliona kwamba hawakuwa wajinga, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Basi nikaanzisha mchezo mdogo kila Jumatatu asubuhi, kabla ya imla. Mwanafunzi mmoja alileta kitu kutoka nyumbani na sisi tuliuliza maswali mawili: kimetoka wapi, na kinakwenda wapi? Mmoja alileta kipande cha gome la kinkina, ule mti uliopandwa na wazungu kwenye milima yetu. Tukalifuata gome lile hadi kwenye lori, hadi kwenye meli, hadi kwenye kiwanda linakofanywa dawa ya malaria, hadi kwenye mdomo wa mgonjwa wa nchi ambayo hatukuwahi kuisikia. Tulionja gome. Lilikuwa chungu kupita kiasi, na binti mmoja wa kisiwa cha Idjwi, mcheshi wa darasa, akatema na kusema, "Huyo mugonjwa wa mbali, anisamehe tu. Mi siwezi kumusaidia kuimeza."

Mwingine, ambaye baba yake alikuwa mtunza bustani huko Lwiro kwa wazungu wa utafiti, alituletea habari tu, bila kitu mkononi. Alisema kule kuna chombo chenye kalamu, na ardhi ikitetemeka hata ng'ambo ya bahari, kalamu inacheza yenyewe. Darasa lilimwita mwongo. Nikawaeleza polepole kwamba inawezekana, kwamba ardhi ni moja na mtikisiko husafiri ndani yake kama unavyosafiri kwenye mbao za kitanda mtu mmoja akijigeuza. Baadhi yao walitazama sakafu.

Masera Mkuu alijua juu ya mchezo huo. Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kizungu, na yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa shule. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, aliyezungumza Kiswahili safi kuliko wazungu wengi, na hakuwa mtu mbaya. Naomba msomaji alishike hilo, maana hadithi hii ingekuwa nyepesi kuisimulia kama angekuwa mbaya. Aliniambia, "Endelea, lakini siasa usiingize." Nikamwambia siijui siasa, na ilikuwa kweli.

Katika darasa lile alikuwemo binti wa Mwenga. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu kwenye migodi ya upande ule, na yeye alikuwa akikaa kwa shangazi yake hapo Kadutu ili asome. Alikuwa kimya, mwandiko wake umenyooka, na alikuwa na tabia moja niliyoipenda: alipomaliza kazi yake aligeuka na kumweleza jirani yake kwa sauti ya chini, bila kumpa jibu, mpaka jirani alione mwenyewe. Huwezi kumfundisha mtu jambo hilo. Anakuja nalo.

Mwaka ule shule ya kufundishia walimu wa kike ilikuwa imetupa nafasi moja tu. Masera Mkuu ndiye aliyekuwa wa kuchagua, na alikuwa amekwisha niambia kwamba nafasi ni ya binti wa Mwenga. Binti mwenyewe alijua. Shangazi yake alijua, na mtaa mzima ulijua, maana shangazi hakuwa mtu wa kuficha neema. Bila nafasi ile, msichana angerudi kwa mama yake kwenye kambi ya wachimbaji, na kule angeozwa kabla ya mvua nyingine. Hakukuwa na njia ya tatu.

Muhula ulikuwa mchanga Masera Mkuu alipoingia darasani na gazeti la picha kutoka kwao. Macho yake yalikuwa mekundu. Mgodi wa makaa ya mawe huko Ubelgiji ulikuwa umewaka moto wakati wa likizo, na watu wengi sana walikuwa wamekufa chini. Alituomba tuwaombee, kisha akaniachia gazeti na kusema, "Kwa kuwa unawafundisha habari za dunia, waeleze na hili."

Nikawaeleza. Nilichora mgodi ubaoni: shimo la kushukia, kichumba cha chuma kinachoteremshwa kwa kamba, njia za chini kwa chini. Niliwaambia kwamba wengi wa waliokufa hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa Waitaliano, wanaume maskini walioacha vijiji vyao na kusaini mkataba wa kuchimba makaa katika nchi ya watu wengine. Darasa lilishangaa. Hawakuwa wamejua kwamba kuna mzungu maskini. Mmoja aliuliza kama wazungu hao pia walikuwa na kapita, yaani mnyapara, wa kuwapigia kelele asubuhi, nami nikasema nadhani ndiyo.

Kisha nikapitisha gazeti. Katika picha kulikuwa na wanawake wenye vitambaa kichwani, wamesimama kwenye geti la chuma la mgodi, wameshika nondo kwa mikono miwili.

"Bako bafanya nini hapa?" aliuliza binti wa Idjwi.

"Wanangoja. Watu wa uokozi waliendelea kuchimba siku nyingi, hata walipojua kwamba hakuna aliye hai. Walitaka kuwatoa wote."

Binti wa Mwenga, ambaye hakuwa na kawaida ya kuuliza, aliuliza. "Hata bale benye bamekufa, balibatafuta?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Na majina yao yakaandikwa."

Alilitazama gazeti muda mrefu kuliko wenzake, hata aliyekuwa nyuma yake akamchoma kiwiko na kusema, "Leta na siye tuone, ama unatafuta muchumba mu picha?" Akalipitisha.

Baada ya hapo yalifuata mazungumzo ambayo niliyaona kuwa mafanikio yangu makubwa ya ualimu. Mmoja aliuliza hao Waitaliano waliofia ugenini, mama zao wako mbali, nani anawalilia? Nikasema huenda wake zao, huenda jirani. Mwingine akasema si vizuri mtu kufa ugenini bila kukaliwa matanga. Binti wa Idjwi akasema, nusu mzaha, "Basi tubalilie siye. Siye tuko ugenini kwetu kila siku." Walicheka, halafu hawakucheka. Kengele ikalia.

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata nilifungua mlango wa darasa na kukuta madawati matupu.

Walikuwa chini. Wote walikuwa wameketi sakafuni, wamenyoosha miguu, wameegemea ukuta na kuegemeana. Na walikuwa wamenyoa. Wasichana wa shule yetu walikatwa nywele fupi siku zote, lakini hizi hazikuwa fupi. Wembe ulikuwa umepita hadi ngozi, na vichwa viling'aa kwa mwanga wa dirisha. Kila mmoja alikuwa amejifunga kamba nyembamba ya mgomba kwenye mkono wa kushoto. Hakuna aliyesimama kunisalimu.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze. Mtu akifa, wenye msiba huketi chini. Viti na vitanda huachwa. Hunyolewa, hufungwa kamba ya mgomba, na anayeingia hasalimiwi kwa kusimama. Yeye ndiye anayeshuka. Mtoto wa miaka mitano anajua hivyo. Mimi pia niliketi chini hivyo baba yangu alipofariki, kwa hiyo sikuhitaji kuuliza kitu. Na mtu wa kwetu hawafukuzi watu kwenye matanga. Nilivua viatu, nikaketi sakafuni mbele yao, na kwa kuwa ilikuwa saa ya imla, nikasoma imla. Waliandika kwenye vibao vyao juu ya mapaja.

Mzaha ulirudi kidogo, kama unavyorudi kwenye msiba wowote. "Kichwa yako iko kama yai ya bata," nilisikia nyuma. "Na yako iko na kona, mama yako alikuzalia juu ya meza?" Nikawaacha.

Sikumwona Masera Mkuu alipopita barazani. Yeye alituona. Fikiria alichokiona kupitia dirisha: darasa zima limeacha madawati, vichwa vimenyolewa, alama moja kwenye kila mkono, na mwalimu mweusi ameketi nao chini bila viatu. Wakati ule Serikali ilikuwa ikiisaka dini moja iliyopigwa marufuku, dini ya porini iliyosemwa kuwa na wafuasi wengi migodini, na watawa walikuwa wameambiwa watoe taarifa wakiona alama yoyote ngeni kwa vijana. Masera hakuingia kuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya misheni.

Kabla ya saa ya mapumziko, gari la Serikali lilikuwa uani. Alishuka ajenti wa utawala, mzungu kijana, mwekundu wa jua, pamoja na askari mmoja aliyebaki mlangoni. Masera Mkuu alisimama nyuma yao, amekunja mikono ndani ya mikono ya kanzu.

"Nani amewaambia kufanya hivi?" aliniuliza ajenti kwa Kifaransa.

Nikamweleza, kwa utulivu niliokuwa nao, na nikaanzia mwanzo: mchezo wa Jumatatu, gazeti, mgodi, Waitaliano. Nikamweleza matanga ni nini, kwa nini watu huketi chini, kwa nini wembe, kwa nini kamba. Nilimwambia, "Bwana, wanawalilia wafu wenu."

Sitasahau sura yake. Ilikuwa imekaza kama ngumi, ikafunguka. Alivua kofia. Akatuambia kwamba yeye ni mtu wa nchi ileile ya makaa, kwamba babu yake alikuwa mchimbaji, kwamba alipopata habari za moto ule hakuwa na mtu wa kukaa naye hapa Bukavu. Masera Mkuu alitoa leso.

Ajenti akauliza kama misheni ina kamera. Ilikuwapo. Alitaka picha ya wasichana wale ipelekwe kwao, kwenye gazeti, ili watu waone jinsi Kongo inavyowalilia wana wa Ubelgiji. Masera alikubali kwa moyo wote. Nilimwona akinitazama kwa namna ya kuniomba radhi, akanong'ona kwamba mwanafunzi wake wa nafasi ile moja akae katikati, mbele.

Wakati kamera ikitafutwa, ajenti alipita akiwashika mikono wasichana mmoja mmoja na kuwauliza wanamlilia nani. Alikuwa akijaribu Kiswahili chake, kile Kiswahili cha kazini cha kuamrisha, lakini siku ile alikilainisha. Alipofika kwa binti wa Mwenga alichuchumaa kabisa mbele yake.

"Wewe nalia nani?" alimuuliza, akitabasamu.

Jibu lilikuwa karibu. Wenzake wote walikuwa wamelitoa: batu ba Ubelgiji. Angesema hivyo, picha ingepigwa, naye angekwenda kuwa mwalimu.

"Baba yangu," alisema.

"Baba yako alikufa Ubelgiji?"

Wenzake waliguna kwa kicheko. Yeye hakucheka. "Hapana, bwana. Alikufia Mwenga, mu shimo ya dhahabu. Ukuta ya shimo ilimuangukia. Bakafunga shimo na yeye ndani. Kisha bakaandika alitoroka kazi."

Ajenti akasimama na kupangusa magoti, ingawa hayakuwa na vumbi. Akamuuliza jina la baba na jina la kambi, akayaandika, akasema ataulizia. Kamera ilipoletwa alisema irudishwe.

Alasiri ile nilikwenda kwa shangazi. Nilikuta ameketi kizingitini akichambua maharage kwa hasira, maharage mazuri na mabovu yakienda upande mmoja.

"Umenyolea mutoto yangu," alinipokea.

"Sikumnyoa mimi, Maman. Nieleze habari za baba yake."

Akanieleza, huku akichungulia njia. Ilikuwa miaka kadhaa nyuma. Baada ya mvua kubwa, ukuta wa shimo ulianguka asubuhi. Mwenzake mmoja wa kazini ndiye aliyekuja Bukavu na habari: wawili walichimbuliwa, wa tatu alibaki, na mkubwa wa zamu akasema hakukuwa na watatu. Siku hiyohiyo jina la ndugu yake liliwekwa miongoni mwa waliovunja mkataba na kukimbia. Askari walikuja hata hapa Kadutu kumtafuta chini ya vitanda.

"Na mke wake?"

"Anasema yule aliyeleta habari alikuwa amekunywa. Anasema bwana yake alienda Uganda, atarudi." Alitupa ganda chini. "Mwalimu, ukimulilia, ni kusema amekufa. Ukisema amekufa, unabishana na bazungu. Ukinyamaza, huko anaitwa mwizi wa mukataba. Siye tulichagua kunyamaza. Ni huyu mutoto njo hakuchagua."

Msichana alikuwa ndani akisikia yote. Alitoka, akaketi karibu nasi, chini, akaanza kutenganisha upya maharage ya shangazi yake. Nikamuuliza ilianzaje wazo la kunyoa.

"Ni mi nilibaambia," alisema. "Uliposema kule balitafuta hata bale benye bamekufa, niliona sasa iko njia. Kama banafunzi bote banalia, mi naweza lia ndani yabo, na hakuna mutu atajua."

"Lakini ajenti alipokuuliza ungeweza kunyamaza."

"Aliniuliza vizuri," alisema. "Hakuna mutu alishaniuliza vizuri."

Jibu la kampuni ya mgodi halikuchelewa. Masera Mkuu alituita ofisini, mimi na msichana. Alikuwa ameketi wima, na kwa mara ya kwanza alituagiza tukae kwenye viti. Alisema kampuni imethibitisha kwamba mtu huyo alitoroka, na kwamba bado anatafutwa. Alisema ajenti amefanya alichoweza. Sasa shule ya walimu haiwezi kumpokea msichana anayeishitaki kampuni ya watu kwa jambo asiloliona kwa macho yake, hasa baada ya zogo la vichwa vilivyonyolewa, ambalo lilikuwa limekwisha fika mezani kwa wakubwa. Lakini alikuwa ametafuta njia.

"Utasema mbele ya darasa kwamba ulikosea," alimwambia, na sauti yake ilikuwa laini. "Kwamba baba yako hayupo, na hujui aliko. Huo si uongo. Hujui aliko. Mungu peke yake anajua. Ukisema hivyo, nitasaini leo."

Nilimgeukia msichana. Nakiri kwamba nilitaka aseme. Nilikuwa nimeketi kwenye kile kiti nikiliombea neno dogo lile kama mtu anavyoombea mvua. Nilijua kambi ilivyo, na nilijua anakokwenda.

"Masera," alisema, "na mi pia najua. Iko chini."

"Hukuona."

"Nyinyi pia hamukuona bale ba Ubelgiji. Mulisoma tu."

Masera Mkuu alifunga macho. Nilimsaidia kwa kusema kwamba msichana amechoka, kwamba tumpe hadi kesho, hadi wiki ijayo. Tulimpa. Nilikwenda kwa shangazi kila jioni ya wiki ile. Kazi yangu yote ni kueleza, na sijawahi kueleza jambo kwa subira kama nilivyoeleza hilo: kwamba mtu anaweza kulishika jambo moyoni na kusema jingine mdomoni, kwamba wazee wetu wote wameishi hivyo, kwamba akiwa mwalimu atawaeleza wengine, na kwamba baba yake angependa. Msichana alinisikiliza kwa adabu. Siku ya mwisho aliniuliza, "Mwalimu, wewe ukinifundisha kusema hivyo, mi nitafundisha banafunzi wangu nini?"

Nikamwambia ale.

Nafasi ikaenda kwa binti wa Idjwi. Alilia alipoambiwa, na si kwa furaha. Alikwenda kwa mwenzake wa Mwenga akasema, "Nitaikataa, haki ya Mungu nitaikataa," naye akamjibu, "Ukikataa itaenda shule ingine. Nenda, mujinga we." Akaenda. Nimepata kusikia kwamba alikuwa mwalimu mzuri na mwenye kuchekesha.

Mchezo wa Jumatatu ulikatazwa. Ramani ya dunia iliondolewa ukutani kwangu ikapelekwa ofisini, na nikaelekezwa kurudi kwenye kitabu. Tulirudi kwenye mito ya Ubelgiji. Wasichana waliitaja kwa sauti moja, nywele zikianza kuota. Kuna wakati mmoja wao aliinua mkono, nikamwona anataka kuuliza kitu, kisha akaushusha mwenyewe. Katika yote yaliyotokea mwaka ule, mkono ule ulioshuka bila kuambiwa ndio ninaoukumbuka nikiwa na walimu vijana, wanaponiuliza kama inafaa kuwaletea watoto habari za mbali. Nawaambia inafaa. Nawaambia pia wawe tayari, maana mtoto hatabaki mbali ulikompeleka. Atarudi na jambo la nyumbani kwao mkononi, atakuwekea mezani, na litakuwa lako pia.

Mama wa binti wa Mwenga alikuja kumchukua. Alikuja na lori la chumvi kutoka Mwenga, akiwa amejifunga kitambaa kikubwa cha maua kichwani, mwanamke mdogo wa mwili kuliko nilivyotarajia. Nilikuwapo alipoingia uani kwa shangazi. Alimtazama binti yake kichwani, akasimama palepale.

"Nani aliwatuma?" alisema. "Mulimuona? Muliokota maiti wapi?"

"Mama, keti," msichana alisema.

"Sikai. Hapa hakuna matanga. Mimi niko na bwana." Akanigeukia, akijua bila kuambiwa mimi ni nani. "We njo mwalimu? Miaka yote hii nilikuwa muke wa mutu mwenye alienda safari. Sasa mu kambi banapita mbele ya nyumba na kuniinamia. Umenipa ujane, na mi sikukuomba."



Lori lilirudi siku ya pili yake, na niliwasindikiza hadi soko la Kadutu, ambako malori ya Mwenga yalipakia. Kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi kutoka ziwani. Walipanda nyuma, juu ya magunia, kati ya wanawake wengine wenye kuku na masufuria. Mama na binti hawakuwa wakisemezana. Msichana alinipungia mkono mara moja, kisha akajikunyata, na mvua ikamteremkia kwenye kichwa kitupu.

Dereva aliwasha mtambo. Mama akamtazama binti yake, akanung'unika kitu nisichokisikia, akafungua kitambaa chake cha maua, akamfunga nacho kichwani, akikaza fundo kwa nguvu kama anayemkomesha. Nywele zake mwenyewe zikabaki wazi mvuani. Zilikuwa zimesukwa upya, mistari myembamba iliyonyooka, na zimepakwa mafuta, kama za mwanamke anayemngoja mumewe jioni hiyo.